Mwanangu Kyalo, Usiulizie Tena Vipovu

Mwanangu Kyalo,

Usicheke kwanza. Najua ukifika hapa utamwonyesha Shangazi Mueni mstari huo wa juu na kumwambia, "Unaona? Hatimaye amekubali." Tangu nizaliwe umeniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ni Syombua na mama yako alikuwa Syombua, na kwetu mtu hamwiti mama yake kwa jina. Umeniita hivyo mbele ya walimu, mbele ya wauza parachichi, hata siku ile kwenye geti la shule, wasichana wa bweni letu wote wakisikiliza. Na mimi katika miaka yangu kumi na saba sijawahi kukujibu "mwanangu" hata mara moja. Nilikuwa naona aibu. Nilikuita Baba na kuangalia chini.

Leo nimeamua kulitumia jina hilo, kwa sababu nina jambo ambalo nikilisema kama mtoto wako hunisikii.

Nimejaribu mara mbili. Ijumaa, ulipokuwa unakaza koki ya tangi, nilikuambia, "Baba, ile dawa ya vipovu, nilikosea." Ukasema bila kugeuka, "Mwaitu hakosei. Nishikie hii spana." Nikashika spana. Jana nikajaribu tena jikoni. Ukasema, "Jumatatu nitawauliza kama wameileta. Wamekuwa na muda wa kutosha." Mama aliniangalia. Nikachukua sufuria nikatoka nayo nje, na haikuwa na kitu cha kumwaga.

Ndiyo maana naandika. Nimeanza tulipotoka kanisani, na sasa ukungu umeshuka tena mpaka kwenye ndizi za chini. Kesho alfajiri unaondoka na Shangazi kwenda Nairobi kupigwa ile picha ya mifupa, kwa mara ya pili, na nimesikia kwa masikio yangu kwamba umekusudia kuikataa tena kama dawa yake haimo kwenye vipovu. Barua hii nataka uisome kabla hawajakuita jina.

Mama ameshakuambia ya sweta na ya chai ya chupa. Mimi siongezi hapo.

Nianze na kosa la zamani, ambalo wewe hulisimulia kama kichekesho. Nilikuwa na miaka sita au saba. Kila asubuhi, kabla hujaenda kwenye mabomba, ulisimama mlangoni na begi lako la spana ukaniuliza, "Mwaitu, unaniruhusu niende kazini?" Nami nilisema ndiyo nikiwa nimejificha nyuma ya Mama. Siku moja nikasema hapana. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kuona itakuwaje. Ukaweka begi chini ukavua buti. Ulishinda nyumbani siku nzima, ukinitengenezea gari la waya, na kule juu mlimani maji hayakufunguliwa. Saa nane wamama walikuja na majerikeni. Mmoja akauliza, "Kyalo, kwani wewe ni mgonjwa?" Ukamjibu, "Mimi ni mzima. Mama amenikataza." Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nyuma ya mlango nikiangalia yale majerikeni matupu. Nilielewa siku hiyo kwamba neno langu, hata nikilisema kwa kuchezacheza, linaweza kukuzuia mlangoni. Ningekumbuka hilo miaka kumi baadaye, nisingekuwa naandika barua hii.

Kosa la pili ni lile lenyewe.

Likizo ya Aprili nilikuja na zile kurasa ambazo Madam wa Biolojia alinichapishia. Alitaka nizisome kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, kwa sababu anajua napenda kusoma kuliko kuongea na alifikiri nikipenda jambo sana labda nitaongea. Wewe ulikuwa umerudi kutoka hospitali wiki hiyohiyo. Walikuwa wamekata kipande cha ule uvimbe wa chini ya goti, wakasema si mzuri, na kwamba kabla ya kufanya operesheni lazima ijulikane kama ugonjwa umetembea kwenda kwenye mifupa mingine. Ulikuwa huongei. Ulikaa kwenye kigoda chako ukifunga na kufungua koki moja mbovu.

Nikaona niongee mimi. Nilikuambia kuna vitu vinaitwa liposomu. Ukauliza ni wadudu? Nikasema hapana, ni vipovu, kama vya sabuni, lakini vidogo kiasi kwamba macho hayavioni. Ukuta wake ni tabaka mbili nyembamba za mafuta, na ndani mna maji. Ndani ya yale maji wataalamu hutia dawa yenye mionzi kidogo. Kipovu kinadungwa kwenye mshipa, kinasafiri na damu, na dawa haimwagiki njiani.

"Kama jerikeni iliyofungwa kifuniko," ukasema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yako siku hiyo.

"Kama jerikeni."

"Na inajuaje pa kwenda? Nani ameielekeza kwa ugonjwa?"

Nikakuambia haijui. Inavuja. Uvimbe hukua kwa haraka, na kwa kuwa unataka damu nyingi, unajijengea mishipa yake ovyo ovyo, yenye nafasi kubwa kwenye viungo. Mahali pazima, mshipa umebana na kipovu hakipenyi. Pale penye uvimbe kinapenya, na kikishapenya kinakwama, kwa sababu mifereji ya kuondoa uchafu pale nayo haifanyi kazi vizuri. Halafu kamera inaona mionzi inatoka wapi.

Ulicheka, Baba. Ulisema, "Huo ni mstari wa kamati." Mama hakuelewa, ukamweleza: ule mstari wa bomba wa kupitia kanisani, ambao kamati iliulaza kwa siku mbili kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kuuzindua. Viungo havikutiwa gundi ya kutosha. Uliwaambia, hawakusikia, na mpaka leo unavuja kila hatua ishirini.

Tena ukasema, "Na hiyo kamera inafanya kazi yangu. Inaangalia nyasi."

Nilijua unasema nini. Wakati wa kiangazi ulikuwa unanichukua tutembee juu ya mstari, mimi na daftari langu, na ukanifundisha nisitafute bomba. Bomba liko chini ya udongo, huwezi kuliona. Tafuta nyasi. Kila kitu kikiwa kimekauka, palipo na majani mabichi ndipo penye tatizo. Chimba hapo.

Niliona uso wako ukilegea. Tangu wakate kile kipande, ndiyo siku ya kwanza uliomba chakula zaidi. Ukasema, "Hiyo ndiyo nataka. Hiyo ya vipovu." Ukaniita mwaitu, na kwa mara ya kwanza sikuona aibu. Nilijiona kama nimefanya kazi ya mama.

Mkononi nilikuwa bado nimeshika ukurasa wa mwisho.

Sikukusomea. Nilikuwa nimeusoma shuleni mara tatu kwa kamusi, kwa hivyo siwezi kusema sikuuelewa. Ukurasa huo unasema kazi nyingi ya vipovu imefanywa kwa panya. Kwa watu imejaribiwa, lakini ni kidogo, na bado wanaitafiti. Unasema vipovu vingi hunyakuliwa na ini na wengu kabla havijafika popote, hata vikivishwa koti la kuvificha. Unasema uvimbe haufanani, mwingine unavuja sana na mwingine karibu hauvuji kabisa, kwa hivyo kinachoonekana vizuri kwa mmoja kinaweza kisionekane kwa mwenzake. Kwa ufupi, unasema jambo hili ni zuri lakini halijawa tayari. Mtu akienda hospitali hapa kwetu kuulizia, hataipata.

Niliukunja nikauweka kwenye kitabu cha nyimbo. Nilisema nitakuambia kesho yake, ukiwa umeshakula na kulala. Kesho yake ulikuwa unapiga mluzi. Wiki ikaisha nikarudi shule.

Yaliyofuata, ile siku ulipokwenda Nairobi mara ya kwanza kupigwa picha, niliyasikia mwezi huu nilipofunga shule, kutoka kwa Shangazi Mueni, na wewe ulikuwepo, lakini nataka ukumbuke jinsi alivyosimulia. Alisimama katikati ya nyumba akaigiza sauti zote mbili.

"Sista anamwuliza, 'Mzee, uko tayari tukudunge?' Huyu ndugu yangu anakunja mkono wa shati, anasimama. 'Kwanza, hiyo iko ndani ya vipovu?' Sista anasema, 'Vipovu gani?' 'Vya mafuta.' 'Hapana mzee, hii ni sindano ya kawaida ya picha ya mifupa.' 'Basi nitangoja ile ingine. Mama yangu ameniambia iko.' Sista anamwangalia. 'Mama yako ni daktari?' 'Bado,' anasema. 'Yuko form three.'"

Mama alicheka akashika ukuta. Shangazi akaendelea, "Benchi nzima iligeuka. Sista akanivuta kando akaniuliza polepole kama shida imefika kichwani. Nikamwambia hapana, dada, ni mambo ya Ukambani, ni ngumu kueleza. Na huyu tayari amevaa kofia, anatafuta lango."

Nilicheka pia, nakiri, kwa sababu Shangazi anajua kusimulia. Halafu ukainuka kwenda nje na nikaona fimbo. Nilipoondoka mwezi wa tano hukuwa na fimbo. Nilipita nyuma ya nyumba nikakaa karibu na tangi mpaka Mama akaniita. Hukunigombeza. Hakuna aliyenigombeza. Ulisema tu kwamba watakuwa wameileta ukirudi, kwa kuwa mama yako hawezi kukudanganya.

Sasa nataka nikuambie kuhusu mama yako yule mwingine, ambaye jina lake nimelibeba na sikumkuta. Shangazi aliniambia mwaka jana, tukichambua njugu, na akasema nisikuambie. Nakuambia. Susu, yaani bibi yangu, hakufa ghafla kama unavyosema. Alikuwa na uvimbe tumboni muda mrefu. Alijifunga leso juu yake kwa nguvu, akasema ni vidonda vya tumbo, na Shangazi alipouona wakati akimwogesha, Susu akamshika mkono akamwambia, "Usimwambie Kyalo. Ameanza kazi ya mabomba juzi, ataiacha." Hakutaka uso wako ubadilike. Aliupenda ukiwa vile.

Nimefikiri sana juu yake mchana huu. Wewe unafikiri mwaitu hakosei, na una mama wawili walioitwa Syombua, na wote wawili walikuficha jambo kwa sababu moja. Yeye alificha uvimbe, mimi nilificha ukurasa. Hakuna aliyekuchukia. Lakini yeye hakupata nafasi ya kurudi kusema. Mimi ninayo leo.

Usimkasirikie Shangazi. Alikuwa msichana, akaambiwa na mama yake anyamaze. Wewe mwenyewe unajua ilivyo ngumu kumkatalia mama.

Basi nisikilize juu ya ile sindano ya kawaida, na safari hii sikufichi kitu. Nilimwomba Madam anieleze kwa simu jana, nikaandika. Ile haina vipovu. Ni dawa yenye mionzi kidogo inayopenda mifupa. Wanaidunga mkononi, mnangoja saa mbili tatu ukinywa maji mengi na kwenda haja ndogo, halafu unalala chini ya kamera bila kutikisika. Haiumi, isipokuwa sindano yenyewe. Mfupa wote hupokea dawa kidogo, lakini pale mfupa unapohangaika, unapobomoka na kujijenga, dawa hujaa zaidi. Kwenye picha panaonekana. Ni zilezile nyasi zako, Baba. Jerikeni tu ndiyo tofauti.

Na nikuambie pia lisilopendeza, maana nimeapa kusoma mpaka mwisho. Nyasi mbichi si lazima iwe bomba. Wewe ulinionyesha mara moja tukachimba bure, kumbe ni maji ya kuogea ya jirani. Picha nayo iko hivyo. Inaweza kuonyesha pahali palipoumia zamani, kama ule mguu ulioutegua ukishuka na bomba la inchi mbili begani, na daktari atake kuangalia tena. Ukiambiwa hivyo usifikiri wamekudanganya. Na inaweza kuonyesha kwamba ugonjwa umetembea. Sijui. Madam hajui. Yule sista hatajua mpaka picha itoke. Nimejizuia kuandika hapa kwamba itakuwa sawa. Niliandika, nikafuta. Utaona pale karatasi imechakaa.

Ukirudi watakuwa wamekuambia ukae mbali na mtoto mdogo kwa muda fulani, kwa sababu ya ile mionzi iliyobaki mwilini. Nimeongea na Mama. Ndinda, mdogo wangu, atalala kwangu. Atalia, kwa sababu ana miaka miwili na hajui chochote isipokuwa mgongo wako. Mwache alie. Nimejifunza kwamba uso wa mtu kubadilika kwa siku moja si jambo la kuogopa kiasi kile.

Jambo ninalokuomba ni moja, na hapa ndipo naongea kama Syombua yule mkubwa, kwa mamlaka uliyonipa mwenyewe bila kuniuliza. Sista akikuuliza kama uko tayari, usiulizie vipovu. Sema ndiyo. Ukitaka kuuliza, uliza kitu chochote kingine. Uliza dawa inaitwaje, uliza inakaa mwilini muda gani, uliza mpaka achoke. Lakini uliza mkono wa shati ukiwa umekunjwa na usitafute lango. Mama yako amekuruhusu uende kazini.

Ule ukurasa wa mwisho nimeutia ndani ya bahasha hii. Una alama ya mkunjo katikati kwa sababu umekaa kwenye kitabu cha nyimbo miezi minne. Ni wa Kiingereza cha kuchosha. Mpe Shangazi aufungue tu, muone panya walioandikwa pale, ili mjue sikutunga.

Na tena kuna jambo la mwisho, linanitia aibu kuliko yote. Leo kanisani, walipowaita wagonjwa mbele waombewe, ulisimama na fimbo, ukatembea wote wakikuangalia, ukaniangalia mimi kwenye kiti changu ukatabasamu, kama mtoto anayetaka mama yake aone kwamba haogopi. Nilitaka kuinuka nikukimbilie nilie. Sikuweza, kwa sababu ulikuwa unanitegemea nisilie. Nimechoka kidogo kuwa mama, Baba. Sijachoka milele, nimechoka tu kwa jambo hili. Mama wa mtu haulizwi maswali wala hagombezwi, na ndivyo tulivyopoteza miezi minne na mguu wako ukapata fimbo.

Kwa hivyo nenda useme ndiyo. Halafu urudi. Ukifika pale kwenye mparachichi nitasikia fimbo yako nitoke. Usiniite mwaitu siku hiyo. Simama mlangoni, weka begi chini, na unigombeze kama baba za wenzangu wanavyowagombeza, kwa sauti, mpaka majirani wasikie. Uniulize kwa nini sikukuonyesha ukurasa. Nitaangalia chini kama kawaida yangu, lakini nitajibu.

Ukimaliza unaweza kuniita unavyotaka.

Mama yako mpaka kesho ukishadungwa, na baada ya hapo mtoto wako,

Syombua